Pampu ya kupima hewa avae mfanyakazi, isitundikwe kwenye nguzo

Mhariri,

Viwanda vizito vikiulizwa wafanyakazi wao wanavuta hewa gani, aghalabu huleta vipimo vya kifaa kilichotundikwa kwenye nguzo katikati ya karakana. Vipimo hivyo havisemi lolote kuhusu mchomeleaji. Yeye ameinamia kazi na moshi unampanda usoni. Ukifika kwenye nguzo umeshapungua nguvu.

Pampu, inayovuta hewa kupitia kichujio kinachopimwa maabara, inapaswa kuvaliwa. Hufungwa kwenye mkanda, mpira ukapitishwa mgongoni, na kichujio kikabanwa kwenye ukosi, kisizidi sentimita 30 kutoka puani. Kwa anayevaa ngao ya kuchomelea, kichujio kikae ndani ya ngao. Nje kitakusanya moshi ambao haukumfikia.

Kosa baya zaidi ni la kasi ya uvutaji. Pampu ikaguliwe kabla na baada ya zamu, ikiwa imeunganishwa na kichujio cha aina ileile, kwa sababu kichujio chenyewe huzuia hewa. Tuseme pampu ilivuta lita 2 kwa dakika kwa dakika 480: hizo ni lita 960. Maabara ikikuta mikrogramu 9.6 za kromiamu 6, sumu inayotoka chuma cha pua kinapochomelewa, hewa ilikuwa na mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo. Kikomo cha OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, ni mikrogramu 5, kwa wastani wa saa 8. Sasa kama betri ilichoka na wastani halisi ulikuwa lita 1.5, jibu sahihi ni zaidi ya 13, na asiyekagua pampu jioni hatajua kamwe.

Mvuke kama wa benzini haunaswi na kichujio cha moshi. Unahitaji kibomba cha mkaa chenye sehemu mbili, na uvutaji wa polepole, usiozidi lita 0.2 kwa dakika. Sehemu ya nyuma ikikutwa na zaidi ya asilimia 10 ya kilicho mbele, mkaa ulijaa na sehemu ya mvuke ilipita bila kunaswa. Kipimo hicho kirudiwe. Tena wastani wa zamu nzima huficha dakika chache za kufungua tangi, ndiyo maana benzini ina kikomo cha pili cha dakika 15.

Tunaomba kila mfanyakazi aliyevaa pampu apewe majibu yake kwa maandishi, yakionyesha kazi aliyofanya siku hiyo, kasi ya asubuhi na ya jioni, na matokeo ya kichujio kitupu, yaani kisichovutiwa hewa, kilichopelekwa maabara pamoja na vingine.

Wapimaji wa hewa viwandani