Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya sayansi: tuanze kukokotoa vifusi vya angani

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Ilemela, Mwanza. Naomba wizara yako iwezeshe kikundi kidogo katika mojawapo ya vyuo vikuu vyetu, kitakachokokotoa namna mawingu ya vifusi vya setilaiti yanavyosambaa kuizunguka Dunia.

Tarehe 10 Februari 2009, setilaiti Iridium 33 ya Marekani iligongana na setilaiti Kosmos 2251 ya Urusi, iliyokuwa imekwisha kuzimika, kilomita 790 hivi juu ya Siberia. Kwa kuwa kila kipande kilitoka na mwendo wake, vyenye mzunguko mfupi vilitangulia, vyenye mzunguko mrefu vikachelewa, hata wingu likatandazika likawa pete. Kisha, kwa sababu Dunia imetuna kwenye Ikweta, mvuto wake ukazigeuza njia hizo kwa viwango tofauti, na pete ikafumuka ikawa ganda linaloizunguka karibu Dunia nzima. Kinachosafisha baada ya hapo ni ukinzani wa hewa tu, na katika kimo kile hewa ni nyembamba mno, hivyo vipande vingi hukaa kwa miongo.

Vipande vidogo ni vingi kupita uwezo wa kuvifuata kimoja kimoja. Inafaa zaidi kulichukulia wingu kama kimiminika na kukokotoa msongamano wake, kama vile anayekadiria magugu maji katika Ghuba ya Mwanza asivyohesabu shina moja moja, bali hutazama yanakosukumwa na upepo. Milinganyo hiyo si migeni kwa wahitimu wetu wa hisabati, takwimu za njia za vipande vikubwa hupatikana bure, na kompyuta ya kawaida inatosha kuanzia.

Itasemwa kwamba haya ni ya mataifa makubwa. Hata hivyo, setilaiti za Metop, ambazo vipimo vyake huingia katika mifumo ya utabiri wa hali ya hewa duniani, hupita kilomita 817 hivi juu, karibu na kimo ambako China iliilipua setilaiti yake Fengyun-1C Januari 2007 na kuacha vipande zaidi ya 3,000 vinavyofuatiliwa. Pete ya chuma iliyoanguka kutoka angani huko Makueni, Kenya, Desemba 2024 iliwashtua wengi. Mimi nahofia zaidi visivyoanguka.

Naomba basi ufadhili wa wanafunzi wachache wa shahada ya uzamili pamoja na msimamizi wao, na matokeo yao yawe mezani siku nchi itakapochagua kimo cha kuweka setilaiti yake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa hisabati, Ilemela