Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutoka Karakana Hadi kwa Mtumiaji

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyotaka, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaokwisha. Fedha ataziongelea mweka hazina, na hesabu zake zimekwisha kukaguliwa. Mimi nitashika kazi yenyewe ya chama: kumsaidia mwanafunzi wa uhandisi auvushe mradi wake kutoka darasani hadi uwe bidhaa mtu anayoinunua kwa hiari yake.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote ni ya kundi la kupima unyevu wa udongo. Walianza na vihisi vya bei nafuu, vyenye ncha mbili za chuma kisichofunikwa. Mezani vilisoma vizuri. Shambani vikaanza kulika, kwani umeme wa mkondo mnyoofu ukipita muda wote kwenye udongo wenye maji na chumvi, elektrolisisi, yaani mabadiliko ya kikemikali yanayoletwa na umeme, humomonyoa chuma. Wenzetu wakahamia kwenye vihisi vya kapasita, ambavyo chuma chake hakigusani na udongo, na wakaandika programu inayowasha kihisi wakati wa kusoma tu, jambo lililookoa betri pia. Kisha wakafanya kitu ambacho makundi mengi hukikwepa: waliwafuata wakulima wakawasikiliza. Kumbe wakulima wale hawakutaka jedwali la namba kwenye simu. Walitaka taa ya kuwaambia kama leo wamwagilie au waache. Nusu ya programu ikatupwa, na kifaa kikawa bora.

Kwa sababu hiyo kamati inapendekeza kwamba mradi usipewe vifaa vya chama mpaka kundi lilete maelezo ya mazungumzo yake na watumiaji. Najua baadhi yenu mnaona ni urasimu. Mimi naunga mkono kwa moyo wote.

Kwa waliokata tamaa baada ya sampuli ya pili au ya tatu ya majaribio: mvumbuzi Mwingereza James Dyson alitengeneza sampuli 5,127 kabla ya kuipata mashine yake ya kufyonza vumbi. Naye Brian Gitta wa Uganda, aliyeanza kushughulikia kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu akiwa mwanafunzi, alipewa Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering, taasisi ya wahandisi ya Uingereza, mwaka 2018, baada ya miaka kadhaa ya kazi.

Sasa suala la hataza, ambalo linanikosesha usingizi. Hataza hulinda uvumbuzi kwa miaka 20 tangu siku ya kuombwa, lakini uvumbuzi lazima uwe mpya. Katika nchi nyingi, ukiuonyesha hadharani kabla ya kuomba, upya huo umepotea. Baadhi ya nchi, kama Marekani, humpa mvumbuzi nafuu ya mwaka 1 wa kuomba baada ya kuuonyesha, lakini nyingine nyingi hazimpi. Tafadhali, ombeni kwanza, maonyesho yafuate. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unampa aliyeomba katika nchi moja mwanachama miezi 12 ya kuomba kwingine bila kupoteza tarehe yake ya kwanza. Someni pia kanuni za chuo chenu kuhusu mwenye haki ya kitu kilichobuniwa kwa vifaa vya chuo. Wengi huzifungua mwekezaji akishauliza.

Kundi moja zuri lilivunjika mwaka huu kwa sababu ya hisa. Mwenzao aliondoka mapema, akadai fungu sawa na waliobaki. Andikianeni mkataba mkiwa bado marafiki. Utaratibu unaotumika sana ni hisa kupatikana kidogo kidogo kwa miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kutimia haondoki na kitu.

Mafunzo ya karakana yaliendelea kama kawaida. Nawashukuru wanachama wa mwaka wa mwisho walioyaendesha wakiwa na mitihani shingoni.

Mkutano unaombwa kuamua mambo mawili: pendekezo la mazungumzo na watumiaji nililolitaja, na uteuzi wa mwanachama wa kusimamia masuala ya hataza na mikataba. Baada ya hapo tutaingia kwenye uchaguzi wa viongozi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti