Maua ya Kitulo nimeyala Lusaka

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni muuza mchele hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mwezi uliopita tulikwenda Lusaka wanawake watatu wa soko moja kufuata deni la mchele. Mdaiwa, kwa maajabu, alilipa lote Ijumaa. Basi la kurudi ni Jumapili alfajiri, kwa hiyo Jumamosi nzima ikawa yetu. Mwenyeji wetu ni Mnamwanga wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, aliyeolewa huko Lusaka. Kiswahili chake ni cha Tunduma, ukimsikia bila kumwona utadhani yuko stendi anagombea abiria.

Tulianza kwa aibu. Tulifika makumbusho ya taifa tukakuta mlango umefungwa, tukalalamika weee, mpaka mlinzi akatuuliza saa zetu zinasema nini. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Tukasubiri kwa kwenda kwenye sanamu ya Uhuru, yule mtu aliyenyanyua mikono na kukata mnyororo. Mwenzangu mmoja alichomoa noti ya kwacha kwenye pesa ya deni akailinganisha na sanamu, kwa sababu ndiye huyohuyo aliyechapwa kwenye noti. Picha tulipiga hadi simu ikajaa.

Makumbusho sitayasimulia sana, ila ghorofani kuna sehemu ya vifaa vya uchawi ambayo mama mmoja kati yetu aliipita amefumba macho, nimemshika mkono. Kilichonikaa moyoni ni nyumba namba 394 ya mtaa wa Chilenje, alimoishi Kenneth Kaunda kati ya mwaka 1960 na 1962, kabla nchi haijapata uhuru. Nyumba ndogo, ndogo kweli. Mjumbe wetu wa mtaa ana kubwa zaidi. Lakini imetunzwa, na watu wanatoka mbali kuja kuitazama.

Mchana tukaenda soko la Soweto. Sisi wa Mbeya tulicheka, maana Soweto tunayo, na Kabwe, jina la mji wao mwingine, tunayo pia. Humo ndimo mwenyeji wetu alipotusimamisha mbele ya beseni la vitu vidogo vilivyokauka, rangi ya udongo, vimejikunja kama tangawizi ya mwaka jana. Akasema, "Mnavijua hivi, dada zangu? Ni vya kwenu, vinatoka juu huko Makete."

Nyumbani kwake tulikuta nshima, yaani ugali wao, dagaa wao wanaowaita kapenta, majani ya maboga yaliyopikwa na karanga, na sahani ya slesi za kahawia nilizodhani ni soseji. Hiyo ndiyo chikanda. Vile vitu vya kwenye beseni, kumbe ni viazi vidogo, vinatwangwa na kuchanganywa na karanga za kusaga, pilipili, chumvi na magadi, kisha vinapikwa mpaka vishikane kama mkate. Ukiuma, inadunda kidogo chini ya jino, halafu karanga, halafu pilipili inakuja mwisho. Ni tamu, Mhariri. Nilikula slesi nne.

Ya tano nilikuwa nimeishika mkononi nilipouliza viazi hivyo ni vya mmea gani. Ni okidi. Yale maua ya Kitulo, uwanda wa juu kule Makete, ambako wenyeji wanaita Bustani ya Mungu.

Nikakumbuka mwaka 2001, nikiwa binti, nimepanda fuso kutoka Makete nimekalia magunia. Nilimuuliza utingo ni mbegu ya viazi? Akasema ni mizigo ya Zambia. Miaka yote hii sikuuliza tena. Kumbe kila shina lina kiazi kimoja kikuukuu na kimoja kipya, na kinachotakiwa ni kile kipya, ambacho mwakani ndicho kingetoa ua. Wazambia walimaliza vya kwao wakaja kwetu, na sisi tukawachimbia. Mwaka 2005 Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa, na sababu mojawapo ilikuwa magunia kama yale niliyoyakalia.

Simlaumu mwenyeji wangu, chakula ni cha bibi zake. Wala simlaumu mama wa Makete anayechimba nje ya hifadhi apate ada ya mtoto. Ninayemlaumu ni mimi. Nina miaka arobaini na kitu, nimelala usiku mzima kwenye basi nikaone ile nyumba ndogo ya Chilenje, na Kitulo sijawahi kukanyaga. Kutoka Chimala unapanda kona hamsini na saba tu.

Nina maombi mawili. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo Uyole wanaotufundisha viazi mviringo watujibu kupitia gazeti hili: okidi hizi zinaweza kulimwa shambani kama zao, au haiwezekani? Kama inawezekana, wateja nimewaona kwa macho yangu, na wanalipa.

La pili ni kwa wenye kosta hapa mjini. Maua yanachanua kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Tupangieni safari ya Jumapili, kwenda na kurudi, kwa nauli ya mtu wa sokoni. Wenzangu wawili niliokwenda nao Lusaka wamekubali, na yule aliyefumba macho makumbusho ameshaanza kuuliza juu kule kuna baridi kiasi gani. Tumebakiza kupata watu wa kujaza gari.

Muuza mchele,
Mwanjelwa, Mbeya