Mkono wa kushoto uliokataa chuma

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Tumeshaongea kwa simu, lakini mambo haya ninayokuambia kama mtu wa fiziotherapia nataka uwe nayo kwa maandishi, uyasome na mumeo, kisha uende nayo kwa daktari.

Unasema wiki moja tu kabla ulikuwa unasukuma kilo 40 kifuani bila taabu. Jumanne ukalala kwenye benchi, mkono wa kulia ukapanda, wa kushoto ukaishia katikati, chuma kikalala upande. Ukapumzika, ukarudia, vilevile. Ukapunguza hadi ukabaki na chuma kitupu cha kilo 20, na bado kushoto kukawa kunatetemeka. Maumivu ya mkono hakuna. Ila shingo ilikuwa imekukaza siku chache kabla, na kidole cha kati kimekufa ganzi.

Kwenye simu nilianza kukuuliza habari za uso na ulimi, na najua nilikutisha. Nilikuwa na sababu. Udhaifu wa upande mmoja unaokuja kwa kufumba na kufumbua, kwanza tunauangalia kama kiharusi mpaka tuhakikishe sicho. Mdomo kupinda, maneno kukwama, mguu wa upande uleule kulegea, jicho kuona giza, kichwa kuuma kuliko ulivyowahi kuumwa: likitokea mojawapo, hata likapita lenyewe baada ya dakika kumi, hapo ni hospitali moja kwa moja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo mtu akisema alale kwanza aone asubuhi, muda ndio huo umekwisha. Na umri wetu si kinga. Mshipa wa damu wa shingoni unaweza kuchanika kwa kukakamaa chini ya uzito, hata kwa kijana mwenye afya. Wewe dalili hizo hukuwa nazo, namshukuru Mungu. Lakini mumeo azijue.

Sasa ninavyoona mimi, nikiwa mbali na bila kukugusa: hili ni la mshipa wa fahamu, na mshipa wenyewe unabanwa shingoni. Msuli wa kifua ungechanika, ungesikia kitu kikikatika, na kesho yake pangevilia damu. Uchovu nao hupungua ukilala siku mbili, wako haukupungua. Shingo ina pingili 7 na jozi 8 za mishipa ya fahamu inayotoka kati yake. Ule wa 7 hutoka kati ya pingili ya 6 na ya 7, na ndio hasa unaouamrisha msuli wa nyuma ya mkono, ule unaonyoosha kiwiko. Ndio pia unaoleta hisia kwenye kidole cha kati. Diski ya hapo, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili mbili, ikituna pembeni, mshipa hubanwa, na amri haifiki yote. Ndiyo maana chuma kilikwama katikati: kukitoa kifuani ni kazi ya kifua zaidi, kumalizia kunyoosha ni kazi ya msuli huo.

Mwalimu wenu wa jimu anasema kushoto kumezembea, uongeze raundi za upande huo mpaka ulingane. Hapo simwungi mkono hata kidogo. Msuli usiopata amri hauongezeki nguvu kwa kulazimishwa. Utakachofanya ni kukaza shingo na kushikilia pumzi chini ya uzito, na hiyo ndiyo inayozidi kuisukuma diski. Tena kuna hatari ya wazi kabisa ya chuma kukuangukia shingoni. Benchi liache kwa sasa, hata kama kuna mtu wa kukusimamia.

Usiku huu simama mbele ya ukuta, hatua moja nyuma, ujisukume kwa mkono mmoja mmoja, kila mkono mpaka uchoke. Hesabu. Kisha inua mkono juu, kunja kiwiko, mumeo akushike kifundo cha mkono huku wewe unajaribu kunyoosha. Afanye pande zote mbili aone tofauti. Kukunja kiwiko nako mjaribu. Nadhani kutakuwa sawa, na hiyo itampa daktari picha nzuri. Mwambie pia akutazame mgongoni unapousukuma ukuta. Kombe la bega la kushoto likichomoza nje, basi mshipa ulioumia ni mwingine, na jambo hilo lisemwe mapema.

Usingoje wiki mbili ndipo uende. Ganzi peke yake ningekuambia tungoje. Msuli kukosa nguvu ni jambo lingine, unahitaji kupimwa siku chache hizi. Hapo Dar huna shida, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ina madaktari wa uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Daktari atakugonga nyuma ya kiwiko kwa nyundo ndogo, atakuinamisha shingo, na akiona haja atakupeleka kwenye MRI, kipimo cha kupiga picha ya ndani ya shingo. Kipimo cha umeme wa mishipa kwa kawaida hakisemi mengi kabla ya wiki 3 hivi, kwa hiyo usishangae ukiambiwa urudi baadaye. Lakini miguu ikianza kuwa mizito, ukajikwaa, vidole vya mikono yote miwili vikashindwa kufunga vifungo, au mkojo ukagoma, usisubiri miadi yoyote.

Shoga yangu, wengi wenye shida hii hupona bila kisu, kwa wiki kadhaa au miezi. Kipande cha diski kilichotoka mara nyingi mwili wenyewe hukipunguza. Mshipa uliobanwa tu huamka mapema; nyuzi zilizokatika ndani yake hukua upya kwa karibu milimita 1 kwa siku, na kutoka shingoni hadi nyuma ya mkono ni safari ndefu. Kitu kimoja tu nakuomba: shingo ikiacha kuuma, usidhani umepona. Pima nguvu, usipime maumivu.

Na mazoezi usiyaache, najua yamekufanyia nini tangu ujifungue. Daktari akikuruhusu, miguu fanya, ila bila chuma shingoni. Mkono wa kulia fanya. Usiogope kwamba utauacha wa kushoto nyuma. Mwaka 1894 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Edward Scripture na wenzake waliona kwamba mtu akizoeza mkono mmoja kukamua, ule ambao haukuguswa nao unaongezeka nguvu. Mpaka leo sisi wa fiziotherapia tunautegemea ukweli huo kwa watu wenye mkono ndani ya plasta. Mazoezi hayo hayatauponya mshipa, lakini ubongo hautausahau mkono. Kushoto tumia dambeli nyepesi, uiweke chini kabla hujaanza kutetemeka.

Nitumie hesabu za ukutani usiku huuhuu, kulia ngapi na kushoto ngapi, na siku utakayoonana na daktari. Kama ni Alhamisi, nitakuja na basi la asubuhi tuingie wote.

Wako,
Tatu