Waacheni akina mama wa Kibatak wamlilie marehemu kwa wimbo

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, maana nimeona video za misiba ya Wabatak zinavyozunguka kwenye simu na watu wanavyozipokea, wakiona nyati wa kufugwa wamechinjwa na watu wanacheza mbele ya jeneza basi wanasema eti hawa hawana uchungu. Sio kweli jamani.

Wabatak wako Sumatra Kaskazini huko Indonesia, kuzunguka Ziwa Toba na kile kisiwa cha Samosir, na msiba kwao una daraja zake. Mzee akifa watoto wake wote wameshaoa na kuolewa na wajukuu anao wa wanawe na wa mabinti zake, Watoba, yaani Wabatak wa pale ziwani, wanaiita saur matua, na hapo ndo gondang, ngoma zao za jadi, inapigwa, nyama inagawiwa kila upande wa ukoo na kipande chake, watu wanacheza tortor, kwa sababu huyo amemaliza mwendo vizuri na wanaobaki wanaomba baraka ya maisha kama yake. Video zinaonyesha huo tu. Akifa kijana, au mama ameacha watoto wadogo, hiyo gondang huisikii. Unasikia andung.

Andung ni mbolezi. Mke, mama, binti au dada anakaa pembeni ya maiti anamwimbia yeye mwenyewe, sauti inaanzia juu inashuka taratibu, inakatika kwa kwikwi alafu inaanza tena, mapigo ya kuhesabu hakuna, na maneno anayatunga hapohapo. Anamuuliza marehemu amemwachia nani, hawa watoto watamwita nani baba, anataja shida walizopita pamoja, nani ni nani kwake katika ukoo. Mwanamke mwingine akiingia kutoka kijiji cha jirani naye anaanza yake, na mara nyingi humo ndani anamlilia na marehemu wake wa zamani, kwa hiyo msiba mmoja unafungua misiba ya watu wengi. Tena lugha yenyewe sio ya sokoni, kuna msamiati wa andung kabisa, mkono ni simangido, miguu simanjojak, macho simalolong, na hivyo huwezi kuamka siku moja ukaigiza, lazima uwe umekaa na bibi zako ukasikia wanavyolia mpaka maneno yakakuingia.

Na hawa bibi wanazidi kupungua, ndo maana naandika. Vijana wengi wamehamia Medan na Jakarta, nyumbani wanaongea Kiindonesia, mbolezi ya bibi yao mwenyewe hawaielewi. Misiba ya mjini inafanyika ukumbini kwa ratiba, kuna kinanda cha umeme, kuna tarumbeta, kuna spika, kila kundi linapewa muda wake wa kuongea, sasa mama anayetaka kumlilia mwanae nusu saa anapewa nafasi saa ngapi? Kwa ndugu zao Wakaro kinanda kimeingia tangu miaka ya 1990 na yule mwimbaji wa kike wanayemwita perkolong-kolong bado anasimama kuwaimbia wafiwa mpaka machozi yatoke, kwa hiyo sisemi kinanda ni adui. Nasema sauti ya mfiwa mwenyewe isizimwe.

Alafu kuna kanisa, na hapa naongea kama mkristo wa KKKT. Kanisa kubwa la Wabatak, HKBP, linahesabu mwanzo wake 7 Oktoba 1861, na mmisionari wao mkubwa Nommensen alifika Sumatra 1862 akitumwa na Misheni ya Rhein ya Ujerumani. Wamisionari wale waliiona gondang na kuongea na wafu kuwa ni upagani, wakaweka nyimbo za kitabuni. Misheni ya Bethel iliyofika Mlalo kule Usambara 1891 na huku Bukoba 1910 baadae iliungana na hiyo ya Rhein, na leo HKBP na dayosisi zetu kadhaa tuko kwenye umoja mmoja wa makanisa na misheni uitwao UEM, wenye makao Wuppertal huko Ujerumani. Kwa hiyo habari ya Wabatak ni habari ya ndugu zetu kabisa, na hata huku nimeona mjane anaambiwa anyamaze ili kwaya ianze.

Wanaosema kumwimbia maiti ni dhambi wafungue 2 Samweli sura ya 1. Daudi anamwita Yonathani ndugu yangu, anaongea naye wakati ameshakufa, na akaamuru watu wa Yuda wafundishwe wimbo ule. Yeremia sura ya 9 inaita wanawake wanaojua kuomboleza waje haraka, tena inawaambia wawafundishe binti zao. Kufundisha mbolezi kumeandikwa, sasa sisi tumetoa wapi la kuzikataza?

Wengine wanaogopa kwamba mtu akiachiwa alie hivyo hatanyamaza. Wabatak waliliwaza hilo zamani. Mjane anafunikwa kichwani kitambaa cha ulos kiitwacho tujung, na baada ya mazishi hula-hula, yaani ukoo uliotoa mke, wanakuja kukifunua, wanampa maji anawe uso, wanamwekea mchele kichwani. Kilio kimepewa mlango wa kuingilia na wa kutokea, na jamaa wanajua ni kazi ya nani kuufungua.

Ombi langu liko kwa viongozi wa makanisa haya mawili. Wajumbe wanatembeleana kati ya Afrika na Asia, vijana wanabadilishana, basi wakienda Toba wasiishie kupigwa picha ziwani na kwaya, waombe kukaa na akina mama wanaojua andung, warekodi kama familia zimekubali, na vikundi vya wanawake vya HKBP vipewe muda wa kuwafundisha mabinti maneno yale wakati bibi bado wapo. Na wewe Mhariri, ukipata mwandishi wa kwenda huko mtume, atuletee na sauti zao wenyewe.

Msomaji wako,
Bukoba