Maprodyuza, acheni kufuta dramu za watu

Mhariri naomba nafasi kidogo. Siku hizi maprodyuza wengi wakisharekodi dramu wanafuta kiki (ngoma kubwa ya mguu) na sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) yote wanabandika sampo, yaani milio iliyorekodiwa tayari, eti iwe nzito, matokeo yake kila pigo linalingana kama cherehani na yale mapigo madogo madogo ya sneya yanapotea kabisa. Sampo si dhambi jamani, ila ichanganye chini ya sauti halisi, weka sampo kadhaa za mapigo ya nguvu tofauti, halafu kuza mawimbi ya sauti kwenye skrini uone kama ya sampo na ya dramu halisi yanaanza pamoja, yakipishana hata milisekunde 1 au 2 sauti inaweza kukonda. Na ile sneya halisi iliyoingia kwenye maiki za juu za simbali (vile visahani vya dramu) utaificha wapi? Tyunini ngozi za dramu kwanza basi, ndo mrekodi.

Msomaji wenu, fundi sauti