Marubani wa Vita vya Kagera nao waandikwe, pamoja na nyumba zao

Ndugu Mhariri,

Kila inapofika Julai 25, Siku ya Mashujaa, magazeti na redio zetu huvikumbuka Vita vya Kagera, vita vyetu na Uganda ya Idi Amin vya 1978 na 1979, kwa masimulizi ya askari wa miguu, wale waliovuka mto Kagera, wakaiteka Masaka, na hatimaye wakaingia Kampala Aprili 11, 1979. Heshima hiyo ni haki yao, wala sitaki ipunguzwe hata chembe. Ninaomba nafasi katika gazeti lako niwasemee watu wengine wa vita vile vile, yaani marubani wa ndege za kivita, ambao habari zao hazisikiki hata huku Nyanda za Juu Kusini, walikozaliwa baadhi yao na walikorudi kulima baada ya kustaafu. Mmoja wao ni marehemu baba yangu mzazi, aliyezikwa kijijini kwetu wilayani Rungwe.

Wasomaji vijana yafaa wajue kwamba jeshi letu la anga lilikuwa changa mno wakati ule. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lenyewe liliundwa Septemba 1964, na miaka ya mwanzo wataalamu kutoka Canada walisaidia kuwafunza vijana wetu kwa ndege za uchukuzi, Otter na Caribou. Ndege za kivita zilifuata baadaye, kutoka China na Umoja wa Kisovieti. Hivyo Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa, Novemba 2, 1978, kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga nduli Idi Amin tunavyo, sehemu ya uwezo huo ilikuwa mikononi mwa vijana ambao hawakuwahi kukutana na adui angani hata mara moja.

Yaliyowapata hayakuwa mepesi. Katika siku za mwanzo ndege zetu tatu zilitunguliwa kimakosa na mizinga ya upande wetu wenyewe. Baba hakulizungumza jambo hili mpaka tulipokuwa watu wazima, na alipolizungumza alikataa katakata kumlaumu aliyekuwa kwenye mzinga, kwa kuwa kijana yule naye, alisema, alikuwa amekesha akizingojea ndege za Amin, na hakuna aliyemwambia kwamba zinazokuja ni za kwetu. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, aina ya Tupolev, ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza, ikaukosa, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane. Muda mfupi baadaye marubani wetu walipiga maghala ya mafuta Kampala, Jinja na Tororo. Ni Watanzania wangapi leo wanajua hilo?

Miezi yote hiyo mama alikuwa Ngerengere, mkoani Morogoro, katika nyumba za askari, na sisi watoto. Barua za baba hazikutaja mahali alipo, kama kanuni ilivyotaka. Lakini ndani ya kila barua mlikuwa na hesabu za kugawanya kwa ajili ya kaka yangu, ambazo alitakiwa azifanye nyuma ya karatasi hiyo hiyo na kuirudisha. Zilikuja tena zikiwa zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na pale kaka alipokosea baba alikuwa amelifanya upya swali zima, hatua kwa hatua, kwa mwandiko mkubwa wa kumsaidia mtoto kusoma. Pembeni mwa karatasi mojawapo ameuliza kama mdogo wetu ameshaota meno. Mama alizitunza barua hizo. Alituambia baadaye kwamba wake wa marubani hawakuogopa mlio wa ndege, maana mlio maana yake mtu amerudi. Waliogopa gari la kambi kusimama mbele ya nyumba mchana.

Vita vilipokwisha, taifa likaambiwa lifunge mkanda kwa miezi 18, na baba, ofisa wa jeshi, alionekana kambini akiwa amembeba mdogo wetu mgongoni kwa khanga ili mama apange foleni ya sabuni. Wapo wanaoona mambo haya ni ya jikoni, hayastahili kuwekwa kando ya habari za mapigano. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu aliyejua anakokwenda kila alipopanda ndege, na bado usiku akakaa na taa kusahihisha hesabu za mtoto, hatuwezi kumwandika nusu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba waandishi wako wawatafute marubani waliosalia, mafundi waliozihudumia ndege zao, na wajane. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1979 sasa amepita 70, na huku kwetu tunazika wazee kila mwezi. Wasiende kwa makamanda peke yao. Fundi aliyekagua injini alfajiri anakumbuka mengi ambayo hayakuingia katika taarifa yoyote.

Vilevile ninaziomba mamlaka za jeshi na za makumbusho zitangaze waziwazi ni wapi familia zinaweza kupeleka nyaraka za aina hii zikanakiliwe na kuhifadhiwa. Kitabu ambamo baba aliandika kila safari yake ya angani, saa ya kuruka na saa ya kutua, tunacho sandukuni pamoja na zile barua, na anayeijua mvua ya Tukuyu anajua unyevu unavyoifanya karatasi. Kurasa za mwisho zimeanza kushikana. Mwandishi wako akifika nitamfungulia sanduku avione vyote, na mama, ambaye bado ana kumbukumbu nzuri, yuko tayari kuzungumza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Mbeya